Eksirei ya Migomba

Kazi ya Rodrick ilikuwa kuona ndani ya watu. Simama hapa, vuta pumzi, ibane, haya achia. Alikuwa mpiga eksirei wa hospitali, na alipohamishiwa Tukuyu kutoka Singida alinung'unika wiki nzima kwa ajili ya mvua, kisha akanunua gambuti, kisha akanunua kamera. Gambuti zilimtosha. Kamera haikumtosha, na balaa lote lilianzia hapo.

Tatizo la Tukuyu kwa mpiga picha ni ukijani. Chai ya kijani, migomba ya kijani, parachichi za kijani, hata bati la nyumba likikaa sana linaota kijani chake. Picha ya huku ni kisamvu juu ya kisamvu, na kila mwenye simu anayo. Rodrick alitaka kitu cha peke yake. Akaipeleka kamera Kariakoo kwa fundi mmoja, fundi akang'oa kile kioo cha ndani kinachozuia mionzi ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho, na kamera ikarudi kwa basi imefungwa ndani ya boksi la biskuti. Tangu siku hiyo kila jani bichi alilolipiga lilitoka jeupe pe, na anga juu yake likatoka jeusi. Mashamba ya chai yakawa kama yamemwagiwa sembe. Rodrick akatazama, moyo ukamdunda, akasema hii sasa ndiyo sanaa.

Picha hizo akazipeleka kwenye Umoja wa Wapiga Picha za Mandhari Rungwe, uliokutana kila Jumapili baada ya ibada kwenye duka la vifaa vya ofisi la mzee Methusela, pale Msasani ya Tukuyu, si ile ya Dar. Methusela ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mwenye duka, na mwenye viti. Picha zake mwenyewe zilikuwa za Ziwa Ngozi, na katika zote ziwa halikuonekana, kwa sababu kila alipopanda ukungu ulikuwa umetangulia. Wanachama waliziita "picha zenye siri".

Zamani Umoja ulikuwa na watu wa kusema. Kisha siku moja mwanachama aliambiwa kwamba jua lake la machweo linafanana na yai la kukaanga, akaondoka kwa hasira, na kwa bahati mbaya projekta ilikuwa yake. Methusela akaapa haitatokea tena. Akahudhuria semina ya uongozi jijini Mbeya, akarudi na kofia na maarifa mapya: mrejesho wa kujenga. Mrejesho wa kujenga, alieleza, ni kama mkate. Unaanza na kipande cha sifa, katikati unapaka siagi ya pendekezo, kisha unafunika na kipande kingine cha sifa. Na neno "lakini" ni marufuku, maana linabomoa. Atakayelitamka atawanunulia wote soda.

Mwanzoni siagi ilipakwa vizuri. Baadaye ikapungua. Mwisho watu wakawa wanakula mkate mtupu, na walikuwa wananenepa kwa furaha. Wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na pale Msasani wagema walijaa duka zima, wakisifiana zamu kwa zamu.

Rodrick aliupenda Umoja kuliko alivyokiri. Walimwita "daktari". Mara mbili tatu alisahihisha, akasema yeye ni mtaalamu wa eksirei tu, kisha akaacha, maana jina lilikuwa tamu sikioni. Sasa Umoja ulikuwa umetangaza maonyesho yake ya kwanza, kwenye ukumbi wa kanisa. Kila mwanachama angeleta picha moja tu. Jaji angetoka Mbeya. Picha ya kwanza ingepelekwa Dar es Salaam kwenye maonyesho makubwa, na mwenye picha angekwenda nayo. Rodrick alikuwa ameshawaambia kazini kwamba anaomba ruhusa. Alikuwa ameshamwambia mama yake Singida. Hata shati alikuwa amelinunua. Alitaka kushinda mpaka usiku anaota anashuka stendi na picha chini ya kwapa.

Kwa hiyo akatafuta picha, na picha akaipata kijijini Kisondela.

Bodaboda ilimshusha kwenye kona, na mbele yake, kwenye mteremko, kulikuwa na migomba ya Bibi Sekela. Jamani, migomba ile! Minene, imepandwa kwa mpangilio, majani mapana hayana hata mchano, mikungu imening'inia hadi imetegemezwa kwa nguzo. Bibi Sekela, mjane mwenye shamba, alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga. Alimtambua mara moja. Mwaka uliopita alivunjika mkono, na ni huyu huyu kijana aliyempiga picha ya mfupa.

"Dokta! Ugonile?"

"Ndaga, Bibi." Hapo ndipo Kinyakyusa cha Rodrick kilipokomea: ndaga, ambayo kwake ilikuwa asante, na fijo, yaani sana. "Naomba kupiga picha migomba yako."

"Migomba?" Bibi Sekela akaitazama migomba, akamtazama yeye. "Inaumwa?"

Rodrick akacheka. Alidhani ni utani. Akaanza kueleza, na ukimpa Rodrick nafasi ya kueleza kamera yake hata kuku wanakwenda kulala. Alisema mashine hii si ya kawaida. Alisema inaona kitu ambacho macho ya binadamu hayaoni. Alisema ni jamaa ya ile ya hospitali. Kisha akapiga, akakigeuza kioo cha nyuma ili Bibi aone.

Bibi Sekela akainama. Aliona shamba alilopewa na marehemu mumewe, kila mgomba mweupe kuanzia kwenye shina hadi ncha ya jani, chini ya anga jeusi.

"Unaonaje, Bibi?" Rodrick aliuliza, kwa sauti ya mtu anayesubiri kusifiwa.

Bibi akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Ndaga fijo, mwanangu," akasema. "Ndaga fijo."

Rodrick alirudi mjini akielea. Mkulima, mwenye shamba mwenyewe, amelia mbele ya picha yake! Hiyo si sifa ya mkate. Hiyo ni sifa ya kweli, na alikuwa na kiu nayo tangu alipoishika kamera.

Jumapili akaionyesha picha kwenye Umoja. Alikuwa ameipa jina "Pumzi ya Kisondela". Methusela akafungua na kipande cha kwanza: picha ina utulivu. Mwingine akasema ina sauti. Mwingine akasema anga ni jeusi kwa ujasiri. Siagi haikupakwa kabisa. Rodrick akawasimulia jinsi Bibi alivyolia na kusema ndaga fijo, na makofi yakapigwa.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Mwalimu Tusekile, wa shule ya msingi kule Mpuguso, alikuwa ameinamisha kichwa upande. Yeye alikuwa akipiga picha za mitaro, madaraja ya miti na nyayo za ng'ombe, na kwa kuwa hakuna aliyejua namna ya kuzisifu, picha zake zilipitishwa haraka haraka.

"Alisema kwa sauti gani?" aliuliza.

"Sauti gani vipi?"

"Ndaga fijo. Alisema akicheka, au alisema polepole? Sisi ndaga ni asante, sawa. Na pole pia ni ndaga. Ukienda msibani utaisikia siku nzima."

"Alinishukuru, Mwalimu," Rodrick akasema. "Nilikuwepo."

"Haya. Picha imepangwa vizuri." Hicho kilikuwa kipande chake cha kwanza, chembamba. "Lakini inatisha. Migomba imekaa kama maiti iliyovishwa sanda. Kwa mtu wa Dar itakuwa sanaa. Kwa mwenye shamba, mimi ningerudi kwake nikamuulize ameona nini."

Duka zima likamgeukia, si kwa sababu ya sanda bali kwa sababu ya "lakini". Methusela alitikisa kichwa kwa huzuni ya kiongozi. Soda zikaagizwa. Tusekile akalipa, akanywa ya kwake kimya, na chupa ilipoisha hakuna aliyekumbuka alichosema. Rodrick alikikumbuka, ila alikikumbuka kama wivu. Sikio la kufa halisikii dawa. Njiani kurudi nyumbani alijiambia kwamba mtu anayepiga picha za nyayo za ng'ombe atajua nini kuhusu mwanga usioonekana.

Maonyesho yalipokaribia alimpigia Bibi Sekela simu, amwalike asimame kando ya picha. Jaji angependa kumwona mwenye shamba.

"Tutakuja, dokta," Bibi akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Upande wa juu tumeshamaliza. Akina mama wa kanisani wamenisaidia."

Rodrick alidhani wamevuna. "Hongera sana, Bibi!" alisema.

"Ndaga," Bibi akajibu.

Siku ya maonyesho ukumbi wa kanisa ulipambwa kwa vitambaa vya harusi, maana ndivyo vilivyokuwepo. Picha zilitundikwa ukutani, na "Pumzi ya Kisondela" ikapewa nafasi katikati, kubwa kama mlango. Jaji alikuwa Bi Jenifer, mpiga picha wa harusi aliyesifika Mbeya nzima, amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Alipita kwenye ziwa la Methusela lisiloonekana akasema linazungumza. Alipita kwenye mtaro wa Tusekile akasema "mh". Alipofika kwenye migomba myeupe akasimama, akavua miwani. Rodrick, ndani ya shati lake jipya, aliona Dar es Salaam inamjia.

"Hii," Bi Jenifer akasema, "imenigusa."

"Na mwenye shamba yupo," Methusela akadakia, akamsukuma Bibi Sekela mbele kwa upole. Bibi alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Kiganja cha mkono wake kilikuwa kimefungwa kitambaa, kama mtu aliyetokwa malengelenge.

"Mama, picha hii inakwambia nini?" jaji aliuliza, na ukumbi ukanyamaza kusikiliza sauti ya wananchi.

"Mimi nashukulu," Bibi Sekela akasema, na Kinyakyusa chake kikaenda pamoja na Kiswahili chake. "Nashukulu sana dokta wetu. Asingekuja na eksilei yake, tungejuaje? Kwa macho migomba ilikuwa mizuli kabisa. Kumbe ndani imeshakufa. Afisa kilimo alikuja, akasema yeye haoni kitu. Nikamwambia, wewe utaonaje, huna mashine."

Watu walicheka kwa furaha. Bi Jenifer aliitikia kwa kichwa polepole, akaandika kitu.

"Basi tumeikata," Bibi akaendelea. "Tumeng'oa na visiki, tumefukia, ili ugonjwa usiende kwa majilani. Upande wa juu umekwisha. Wa chini tunamaliza Jumatatu. Inauma, siwezi kusema uongo. Ile migomba alinipandia mume wangu. Ila ukiambiwa ukweli unashukulu."

Makofi! Ukumbi mzima ulipiga makofi. Bi Jenifer alisema kwa sauti ya kutetemeka kwamba hajapata kuona kazi ya sanaa iliyomfikia mkulima namna hii, picha na mtu wamekuwa kitu kimoja. Methusela alikuwa anafuta macho. Katika ukumbi ule wote ni watu wawili tu waliosikia kilichosemwa. Mmoja alikuwa Tusekile, aliyeziba mdomo kwa mkono. Mwingine alikuwa Rodrick.

Nitakuambia ukweli kuhusu Rodrick, maana sitaki umwone bora kuliko alivyokuwa. Jambo la kwanza aliloliwaza halikuwa migomba. Aliwaza kwamba akinyamaza hadi zawadi itangazwe, anaweza kumweleza Bibi baadaye, taratibu, pembeni, labda kwa simu. Upande wa juu umeshakwisha, haurudi. Wazo hilo lilimpita upesi, ila lilimpita, na alilitazama likipita. Kisha akaona kile kitambaa kwenye kiganja cha Bibi, akajua kwamba Jumatatu mkono ule ule, uliowahi kuvunjika, utashika panga tena.

"Bibi Sekela," akaanza. Mazoea ni mabaya: mdomo ukatafuta mkate wenyewe. "Kwanza nakupongeza kwa shamba lako. Ni shamba zuri sana..."

"Lilikuwa," Bibi akasema.

"Na... na pia umetunza vizuri, na..." Alimtazama Methusela, akaitazama picha, na mle ndani ya mkate hakuona pa kupitishia neno. "Lakini migomba yako ilikuwa mizima."

"Soda!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Hakukusudia ubaya. Ulimi wake ulikuwa umezoea.

Hakuna aliyecheka. Rodrick akaendelea, sasa haraka, kama mtu anayetapika. Alisema ile haikuwa eksirei ya ugonjwa. Alisema kamera yake inafanya kila jani bichi kuwa jeupe, na jani likizidi kuwa na afya ndivyo linavyozidi kuwa jeupe. Alisema migomba ile ilitoka myeupe kuliko yote aliyowahi kupiga Rungwe kwa sababu ilikuwa na afya kuliko yote. Alisema yeye si daktari, hajawahi kuwa daktari.

Bibi Sekela alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatafuta kiti, akakaa.

"Ilikuwa mizima," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Yote?"

"Yote."

Aliikazia macho ile picha kubwa kama mlango, ambayo sasa ndiyo pekee iliyobaki kumwonyesha upande wake wa juu ulivyokuwa. "Sasa kama haikuwa inaumwa," akauliza, na hakuuliza kwa hasira, alitaka kujua kweli, "wewe ulikuwa unatafuta nini shambani kwangu?"

Rodrick alifungua mdomo. Alikuwa na sentensi nzuri kuhusu mwanga, kuhusu sanaa, kuhusu kuiona dunia upya. Aliona aibu kuitoa. Hajapata kuona aibu kama ile maishani, hata siku alipokosea akampiga eksirei mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa.

Tusekile alipita kati ya watu, akapiga magoti mbele ya kiti, akaishika mikono ya Bibi. "Ndaga fijo, mama," akasema polepole, na safari hii hata wageni wasiojua Kinyakyusa walielewa ni ndaga ipi.

Maonyesho yaliendelea, maana vitambaa vilikuwa vya kukodi. Bi Jenifer alivaa tena miwani yake na kusema kwamba kutokana na hali iliyojitokeza ameamua kutazama upya. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa mzee Methusela na ziwa lake lisiloonekana, ambalo, jaji alisema, halijamdhuru mtu. Ndilo lililokwenda Dar es Salaam. Nasikia huko nako walilisifu.

Jumatatu asubuhi Rodrick aliomba ruhusa kazini, ile ile aliyoiombea Dar. Alikodi bodaboda hadi Mpuguso, ambako Tusekile alimtolea shambani kwa baba yake machipukizi ya migomba, akayafunga kwa kamba, akasema tu, "Yasikae juani." Kutoka huko akaenda Kisondela na gambuti zake, bila kamera. Hakuwa amealikwa, na njia nzima alikuwa anajiuliza kama atafukuzwa.

Upande wa juu ulikuwa udongo mtupu. Alikuwa ameuona ukiwa mweupe, akaona ni sanaa. Sasa ulikuwa mweusi, una mashimo na alama za majembe, na katikati yake Bibi Sekela alikuwa anaokota mizizi. Aliyatazama machipukizi, akamtazama mtu aliyeyabeba. Hakumwambia karibu. Hakumwambia ondoka. Akaingia ndani, akatoka na jembe, akamkabidhi, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuanzia.

Rodrick akachimba. Mikono yake ilikuwa ya kubonyeza vitufe, na udongo wa Kisondela baada ya mvua ni mzito. Alipoona shimo limefika kina cha kutosha akasimama, akajifuta jasho, akajikuta anamtazama Bibi.

Bibi Sekela akaja, akachungulia.

"Baya," akasema.

Rodrick alikuwa na majibu tayari. Jembe lilikuwa butu. Udongo umelowa. Kwao Singida wanachimba hivi hivi. Yote yalimjaa mdomoni, akayameza moja moja, na hayakuwa matamu.

"Baya vipi, Bibi?"

Bibi Sekela alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Kisha akapiga goti ukingoni mwa shimo, akaingiza mkono wenye kitambaa, akaanza kumweleza. Maelezo yalikuwa marefu, na Rodrick akainama ili asikose neno.